Shahidi Mwenye Ndita

Msiniulize Ezbon Mwambungu alifikaje nchi ya Nditani. Nchi za namna ile hazina stendi wala nauli. Mtu hujikuta tu amefika, na akishafika ndipo hugundua kwamba safari aliianza zamani bila kujua. Ninachoweza kusema ni kwamba alipotokea getini alikuwa na begi dogo, Biblia kwapani, na uso wake wa kila siku.

Uso huo lazima niueleze, maana kesi nzima ilikuja kusimama juu yake. Huko kwao Ezbon alikuwa mzee wa kanisa na mtunza ghala la mbolea. Alikuwa mwaminifu, hilo hata wasiompenda hawalikatai. Siku moja aligoma kusaini kwamba amepokea mifuko ambayo hata gari lililoibeba hakuliona, na tangu hapo wenzake ghalani wakambandika jina la Malaika, wakawa wanakunywa chai bila kumwita. Kaka yake wa tumbo moja naye alimnunia kwa sababu alikataa kumwaga pombe kwenye kaburi la babu. Yote hayo Ezbon aliyabeba kwa ajili ya imani yake, ila aliyabeba usoni. Aliamka na ndita za paji la uso, akashinda na ndita, akalala nazo, na kwaya ikiimba wimbo wa furaha yeye alikaa benchi la mbele kama mtu anayesikiliza matokeo ya vipimo. Mwenyewe aliziona ndita zile kuwa ni nishani.

Getini palikuwa na afisa aitwaye Bwana Kisirani, aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa linachoma. Alikuwa akiitegemea mvua imharibie siku.

"Dini?" akauliza.

"Mkristo," Ezbon akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunyoosha mikono afungwe pingu.

Bwana Kisirani aliruka nyuma akashika filimbi yake. Kisha akasita. Akasogea, akamtazama Ezbon kwa makini, akainua kidole gumba na kukipitisha taratibu kwenye paji lake la uso, kama mama sokoni anayebonyeza parachichi.

"Acha utani, mzee," akasema.

"Sitanii. Mimi ni Mkristo, na nimeteswa kwa ajili ya Jina."

"Sheria yetu iko wazi. Mkristo ni mtu anayechukiwa na bado anafurahi. Haya. Wewe unachukiwa?"

"Sana!"

"Unafurahi?"

Ezbon akahamishia Biblia kwapa la pili.

"Basi usitupotezee muda," akasema Bwana Kisirani, akawaita wenzake waje waone. Walimzunguka Ezbon kwa heshima. Naye akakasirika, akapiga meza, akaapa kwamba ameokoka kabla baadhi yao hawajazaliwa, na kila alipopiga meza wao walizidi kunong'onezana kwa sifa. "Tazama ile ya katikati ilivyozama," mmoja akasema. Mwishowe walimfunga utepe mweusi begani, ambao huko hupewa Mgeni wa Heshima, wakamfungulia geti. Ezbon aliingia Nditani akiwa amedhalilika kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Nchi yenyewe ni nzuri, ina mito na migomba, lakini wenyeji hawaruhusiwi kulisema hilo. Mtu akikuamkia asubuhi, haijuzu kumjibu kwamba hujambo. Unataja kinachokuuma, na kama hakuna kinachokuuma unaazima cha jirani. Ukimpa mkubwa shikamoo, anakujibu, "Nimechoka." Redio yao hufungua matangazo kwa manung'uniko ya wasikilizaji kutoka kila wilaya. Mwenye paji laini hapangishiwi nyumba. Ezbon alimkuta fundi juu ya bati jipya akitoboa matundu, akaambiwa kwamba mwenye nyumba ameona aibu kukaa msimu mzima bila kuvujiwa.

Wafuasi wa Yesu waliichafua nchi hii vibaya. Hapo kale waliwekwa mahabusu, lakini waliimba humo ndani hadi askari wakaanza kugonga miguu kufuata mapigo, ikabidi mahabusu ifungwe ili kuwanusuru askari. Wakanyimwa unga, wakachemsha viazi na kuvishukuru. Baraza la Nchi likakaa kujadili. Kundi moja likasema chuki iongezwe. Kundi la pili likasema hapana, hawa watu wapendwe, wapewe vyeo na viti vya mbele, na baada ya muda mfupi watagombana wenyewe kwa wenyewe na furaha itawaisha. Hoja hiyo ilikaribia kupita, ikaja kuanguka kwa sababu hakuna mjumbe aliyejua kupenda kunaanzwaje. Basi wakaishia kuajiri wazomeaji. Kila Mkristo alipangiwa mzomeaji wake wa serikali, wa kumtusi kila asubuhi mlangoni mpaka anune.

Kama mgeni wa heshima, Ezbon alipelekwa kukaa kwa Hakimu Gubu, mama wa makamo mwenye paji ambalo wanafunzi huletwa kulitazama. Mezani Hakimu alimwomba asimulie mateso yake. Ezbon akasimulia. Akaeleza habari ya mbolea, ya chai, ya kaka yake, ya jina la Malaika, na jinsi Mkumbo, dereva wa gari la ghala, anavyomwigiza anavyotembea. Hakimu aliacha kula. Kila Ezbon aliponyamaza alimwambia, "Endelea, baba, usinikatishe." Hakuna mtu kanisani kwao aliyewahi kumsikiliza hivyo. Ezbon alijisikia yuko nyumbani, kisha akashtuka kidogo na kujiuliza kwa nini anajisikia hivyo.

"Kumbe kweli unamfuata yule," Hakimu akasema alipomaliza.

"Kweli kabisa."

Uso wa Hakimu Gubu ulitaka kung'aa, akauwahi. "Basi wewe ndiye tuliyekuwa tunakusubiri."

Ezbon akakaa sawa. Hatimaye, aliwaza, sasa nakamatwa.

"Kesho nina kesi ya mama mmoja, Eunike, mkaanga vitumbua," Hakimu akaendelea. "Sheria inanitaka nimfukuze nchini. Lakini nikimfukuza ataondoka akiimba barabara nzima, na watu watachungulia madirishani. Tumeshaliona hilo. Kwa hiyo wewe nitakusimamisha mbele ya watu. Huna haja ya kusema neno. Nitawaambia tu: huyu hapa anamfuata Yesu tangu ujana wake, na mwangalieni alichopewa. Basi furaha ya Eunike haitoki huko, ni maradhi yake mwenyewe. Tutamwachia huru, tutampa unga na dawa. Na lile Jina halitasumbua paji la mtu tena hapa kwetu."

"Na nikikataa?" Ezbon akauliza.

"Ukikataa kwa mdomo?" Hakimu akamtazama karibu kwa huruma. "Baba, paji lako limeshakubali."

Asubuhi Ezbon aliamshwa na kelele za mtaani. Akatoka. Mbele ya kibanda cha mbao alisimama mwanamume mrefu mwenye shingo ya mishipa, amevaa sare ya serikali, anapayuka. "Huna haya! Huna mbele wala nyuma! Huyo Bwana wako mwenyewe walimtundika!" Huyo ndiye Bwana Koromeo, mzomeaji wa Mama Eunike kwa muda mrefu mno. Sauti ilikuwa imemwisha. Tena, pengine kwa kusikia nyimbo za mama yule kila siku, matusi yake yalikuwa yameshika mapigo; mtu asiyejua Kiswahili angedhani anaimbisha kwaya.

Mama Eunike, mwanamke mfupi mnene mwenye unga kwenye viwiko, aligeuza vitumbua vyake mpaka Koromeo akashikwa na kikohozi. Hapo akaweka chini kijiti chake, akamimina kitu kutoka kwenye chupa ya chai.

"Nimekuwekea tangawizi nyingi leo, baba. Jana koo ilikuwa mbaya."

"Asante, mama," Koromeo akasema. Akanywa, akafuta mdomo, akakohoa kidogo kupima. "Huna haya!" akaendelea.

Ezbon alisubiri zamu ile iishe, akamsogelea. "Bwana asifiwe, dada. Mimi pia ni Mkristo."

Mama Eunike akamwangalia. "Pole, kaka. Unaumwa wapi?"

Ezbon akamweleza yote, mpango wa Hakimu na jinsi yeye alivyo ushahidi. Alipofika pale pa kuachiwa huru na kupewa unga, mama yule hakufurahi. Kwa mara ya kwanza macho yake yalilengwa na machozi.

"Kaka yangu, nikifukuzwa, nimefukuzwa. Ni kufunga mzigo tu. Lakini wakitangaza kwamba Yesu hampi mtu kitu, hapo wamenigusa. Usiniokoe kwa njia hiyo, nakuomba."

"Sasa nifanye nini? Nimejaribu kutabasamu kwenye kioo cha Hakimu."

"Hebu nione."

Ezbon akajaribu. Mama Eunike akamshika mkono upesi. "Acha, kaka, utajiumiza."

Akamkalisha kwenye kigoda, akampa kitumbua. Ezbon akakila akiwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na wivu. "Wewe unawezaje?" akauliza. "Au huna moyo wa nyama? Hulii?"

"Jana nimelia. Binti yangu ameolewa na mimi sikualikwa, maana harusi yenye mama anayecheka huku huwa haitambuliki. Nilijifungia ndani nikalia mpaka khanga ikalowa. Nilipomaliza kulia nikamkuta Bwana bado yupo palepale." Akapangusa kiwiko. "Sasa ukishajua hivyo utanuna mpaka lini? Mimi wananichukia kwa sababu yake. Basi maana yake wamemwona kwangu. Siku wakiacha kunizomea ndipo nitajiuliza nimempoteza wapi."

Neno hilo la mwisho lilimwingia Ezbon vibaya. Alilikumbuka geti, na kidole gumba cha Bwana Kisirani.

Mahakama ilijaa. Watu wa Nditani hupenda kesi, kwa kuwa hapo hupata la kusikitikia bila kugharimika. Hakimu Gubu alikaa juu. Mama Eunike alisimama kizimbani na chupa yake ya chai kwapani, kwa sababu hakuona pa kuiweka. Bwana Kisirani aliitwa kutoka getini kuwa mpimaji wa serikali, na koti lake la mvua. Ezbon akapandishwa jukwaani katikati, na watu walipoziona ndita zake wakaguna kwa heshima.

"Tazameni," Hakimu akasema. "Huyu ni mfuasi wa Yesu. Si wa jana wala juzi, ni mzee wa kanisa. Anachukiwa kama Eunike anavyochukiwa. Je, amepewa furaha?"

"Hajapewa!" watu wakaitikia.

"Mpimaji."

Bwana Kisirani akapitisha kidole. "Hajapewa, Mheshimiwa. Naweza kupanda mahindi humu."

Ezbon alitaka kusema, "Si kweli, anatoa, kosa ni langu." Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya malalamiko aliyoizoea, na watu wakaisikiliza kwa kuridhika kama muziki. Aliona aibu kubwa. Miaka yote alidhani anamtetea Bwana wake, kumbe amekuwa akitembeza habari mbaya zake mtaani.

"Ili jambo hili lisiwe na shaka," Hakimu akasema, "mzomeaji amzomee, muone zinavyozidi kuzama."

Bwana Koromeo akajongea. Hakimu alikuwa amemweleza ya mezani, naye akaanza na hayo. "Malaika! Malaika wa mbolea! Wenzako wanakunywa chai, wewe unameza mate! Kaka yako hataki hata kukuona!" Ndita za Ezbon zikajikunja kwa mazoea. Koromeo akaendelea, lakini koo ikamsaliti. Akakohoa. Akakohoa tena mpaka akainama. Mahakama nzima ikamngojea, na Mama Eunike, aliyekuwa anahukumiwa, akanyoosha mkono nje ya kizimba na kumpa kikombe.

"Polepole, baba. Bado ya moto."

Koromeo akanywa. Alipoinuka matusi yalikuwa yamemwishia, maana huyu mgeni hakumzoea. Akabaki ananyoosha kidole, anatafuta. Ndipo akatoa lile ambalo Nditani ni tusi la mwisho, ambalo wazazi hukataza lisitajwe mbele ya wageni.

"Wewe!" akasema. "Wewe ni wake! Wewe ni wake yule!"

Watu wakashika vinywa. Hata Hakimu Gubu aliona amezidi.

Ezbon akalisikia. Mimi ni wake. Mbele ya serikali yote, mtu ambaye hakumpenda hata kidogo, ambaye hakuwa na sababu ya kumpamba, alikuwa amesimama na kulitangaza jambo ambalo yeye alikuwa hajalifurahia tangu siku ile alipobatizwa mtoni na maji yakamwingia puani. Kumbe ndicho Mkumbo alichokuwa akimwambia siku zote pale ghalani, kwa maneno mengine. Kila alipoitwa Malaika alipiga hesabu ya nani kamwita na lini, akasahau kabisa anaitwa hivyo kwa ajili ya nani. Alipolitambua hilo furaha ilimpanda kutoka tumboni, na yeye hakuwa na mazoea nayo, hakujua ishikwe wapi. Akacheka.

Alicheka vibaya, kwa kukwaruza, kama mlango wa ghala uliokaa msimu mzima bila kufunguliwa. Machozi yakamtoka. "Ni kweli," akasema akiwa bado anacheka. "Ni kweli, bwana mzomeaji, mimi ni wake. Mungu akubariki."

"Mpimaji!" Hakimu akafoka.

Bwana Kisirani akapitisha kidole. Akakipitisha tena. Akakitazama kidole chenyewe, labda kina kasoro. "Mheshimiwa," akasema kwa unyonge, "hakuna kitu hapa. Pamenyooka kama ubao wa chapati."

Nyuma kabisa mtu akacheka kidogo, akageuza upesi kuwa kikohozi. Jirani yake naye akashikwa na kikohozi hichohicho. Kikasambaa kutoka benchi hadi benchi, watu wameinamisha vichwa, mabega yanatikisika, mpaka Hakimu Gubu akagonga meza na kuamuru madirisha yafunguliwe. Alitoa hukumu haraka, kwa hasira ya kweli: wote wawili watoke nchini kabla jua halijazama, na wasipewe hata punje ya unga.

Mama Eunike alimkumbatia Ezbon. Alikuwa ameipoteza nyumba yake, kibanda chake na binti yake kwa mpigo mmoja, na alilia begani kwa Ezbon bila kujificha. Kisha akajipangusa, akapakia karai lake.

Barabarani aliimba, naam, na watu wakachungulia madirishani. Kwenye dirisha moja alisimama bibi harusi wa jana, aliyeziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nyuma yao alikuja Bwana Koromeo, kwa kuwa hakuna aliyemwachisha kazi na kazi yake ilikuwa ni Eunike, popote atakapokuwa. Alizomea kwa bidii njia nzima, amebeba karai kichwani.

Kwenye njia panda, mahali ambapo mama yule alipaswa kushika upande wa mawe na Ezbon upande wa kwao, walisimama.

"Huko kwenu," Mama Eunike akauliza, "yupo anayekuzomea?"

"Yupo. Anaitwa Mkumbo."

"Koo yake ikoje?"

Ezbon akafikiri. Alimjua Mkumbo kwa kila neno baya alilowahi kusema. "Sijawahi kuuliza," akasema.

Mama Eunike akaingiza mkono kwenye mzigo wake, akamtolea tangawizi mbichi yenye udongo bado, akamfumbatisha kiganjani. Wakaagana.

Getini Bwana Kisirani alikuwa amerudi kazini mbele yake, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakumwuliza dini. Alimvua utepe mweusi begani kama mtu anayetoa mdudu, akamtazama kuanzia viatuni hadi kwenye paji, na chuki ikamjaa usoni kwelikweli, chuki halali ya kiserikali.

"Mkristo!" akamwambia. Alilisema kwa nguvu kiasi kwamba likamkwama, akashikwa na kikohozi, akajishikilia kwenye nguzo ya geti.

Ezbon aliweka begi chini. Akasubiri kikohozi kipite. Halafu akaitoa ile tangawizi mfukoni, akaivunja vipande viwili, na kimoja akamwekea Bwana Kisirani mkononi.